Nashona kwa kipande: je, mshahara wa chini wa serikali unanihusu?

*"Jambo, mtaalamu. Ninashona suruali za kazi za watu wa migodi katika karakana moja hapa Lubumbashi, upande wa Kampemba. Tuko watu thelathini na kitu. Nimetimiza miezi kumi na minne. Sina mkataba wa karatasi. Patron anatuita vibarua. Analipa kwa kipande, faranga 2,000 kwa suruali, kila Jumamosi. Kwa siku ninamaliza suruali nane. Umeme ukikatika tunakaa tu tukingoja. Tunaingia saa moja asubuhi, tunatoka saa kumi na moja na nusu jioni, na nusu saa ya kula bukari, siku sita kwa juma. Sindano ikivunjika kapita, msimamizi wetu, anaandika makato ya 500. Suruali ikiharibika tunakatwa kitambaa. Tulipouliza habari ya SMIG, yaani mshahara wa chini wa serikali, patron alituonyesha karatasi ya 7,075 akasema: 'Mnapata 16,000 kwa siku, nawalipa zaidi ya mara mbili ya serikali. Tena SMIG si ya watu wa kipande.' Mlango mlinzi anaufunga kwa kufuli upande wa nje mpaka saa ya kutoka, eti sababu ya wizi. Mwenzetu mwenye mimba ameambiwa asirudi. Nikienda kwa mkaguzi wa kazi ninaogopa kupoteza kazi, na nina watoto watatu. Nifanye nini?"*

Mama, barua yako imejaa hesabu, na nitazifuata moja moja. Ila nitaanza na kufuli. Mshahara uliopunjwa unaweza kudaiwa hata miezi ikipita, lakini mlango uliofungwa kwa nje ni hatari ya leo.

Karakana ya kushona inashika moto upesi. Kuna mabaki ya kitambaa cha drili chini ya meza, vumbi la pamba juu ya nyaya, pasi za moto, mafuta ya mashini, na mara nyingi nyaya zilizounganishwa juu kwa juu ili zibebe mashini nyingi kuliko zilivyopangiwa. Hapa mjini ongeza hatari nyingine mbili: umeme wa SNEL ukirudi ghafla hukuta pasi na mota zilizoachwa zimewashwa, na petroli ya jenereta huwekwa ndani ili isiibiwe. Kitambaa chenye poliesta kikiungua hutoa moshi mzito mweusi, na mara nyingi moshi huua kabla ndimi za moto hazijafika. Mwezi Septemba 2012, mjini Karachi nchini Pakistan, kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises kiliungua na watu zaidi ya 250 wakafa; njia za kutokea zilikuwa zimefungwa na madirisha yamewekwa vyuma. Tarehe 24 Aprili 2013, karibu na Dhaka nchini Bangladesh, jengo la Rana Plaza lilianguka likaua watu 1,134. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku moja kabla, na mafundi wakaitwa warudi kazini. Hawa walikuwa watu wa kazi yako hiyohiyo, na waliokufa Karachi walikuwa nyuma ya milango kama wenu.

Kwa hiyo ombi la kwanza kwa patron liwe hili, tena liombwe na watu wote pamoja: kufuli liondoke, liwekwe komeo linalofunguka kwa ndani bila ufunguo, kwa mkono mmoja. Mlinzi abaki mlangoni kama kawaida. Njia kati ya mashini iachwe wazi, upana wa mtu kupita bila kugeuka ubavu, isiwekewe mafungu ya nguo. Petroli itoke nje. Umeme ukikatika, kila mtu azime mashini yake, na mtu mmoja aliyeteuliwa azime pasi. Kuhusu wizi, jibu lipo na ni la kawaida katika kazi hii: vipande vilivyokatwa hutolewa kwa fungu lililohesabiwa, fungu huandikwa jina la fundi, na suruali hupokelewa kwa hesabu hiyohiyo jioni. Fungu la vipande vya suruali 20 likirudi suruali 19, wizi unaonekana bila kumfungia mtu. Ombi hili linamgharimu patron kidogo sana, ndiyo maana ni zuri kuanza nalo. Akilikataa, usingoje hoja nyingine yoyote ya barua hii: hiyo peke yake inatosha kumfikia mkaguzi wa kazi, na nitaeleza chini namna ya kumfikia bila jina lako kutajwa.

Sasa pesa. Karatasi ya 7,075 si ya uongo, ila imepitwa na wakati. Faranga 7,075 kwa siku ndicho kilikuwa kiwango cha SMIG kilichowekwa na amri ya serikali ya mwaka 2018. Amri mpya ya mwisho wa Mei 2025 ilikipandisha kwa ngazi mbili: faranga 14,500 kwa siku kwanza, kisha faranga 21,500 kwa siku kuanzia Januari 2026. Ukizidisha kwa siku 26 za kazi, ni faranga 559,000 kwa mwezi. Kiwango kimewekwa kwa faranga, si kwa dola, na ni cha mfanyakazi wa ngazi ya chini kabisa, yule anayeitwa *manœuvre ordinaire*: anayebeba, anayefagia, asiyehitaji ujuzi. Fundi anayeweza kushona suruali nzima, mifuko, zipu, kiuno na mikanda inayong'aa, hayuko ngazi hiyo. Ngazi zinapanda, na mshahara unapaswa kupanda nazo. Kwa hiyo kila hesabu nitakayoifanya hapa ni sakafu. Haki yako halisi iko juu yake.

Neno la patron kwamba SMIG si ya watu wa kipande si kweli. Kulipa kwa kipande kunaruhusiwa, lakini ni namna tu ya kupima kazi, hakumtoi mtu nje ya sheria. Bei ya kipande lazima ipangwe hivi: fundi wa uwezo wa kawaida, anayefanya kazi kwa mwendo wa kawaida katika saa za sheria, apate walau kile ambacho angepata kama angelipwa kwa siku. Yaani bei inaanzia kwenye mshahara wa siku, kisha inagawanywa kwa vipande. Patron wenu ameanza upande wa pili: ametaja bei anayoitaka, halafu ameziacha saa zirefuke hadi jumla ifanane na mshahara.

Hapo ndipo hesabu ya 16,000 inapovunjika. Kanuni ya Kazi ya Kongo, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inasema kazi isizidi saa 9 kwa siku na saa 45 kwa juma. Ukigawa saa 45 kwa siku sita, siku moja ya SMIG ni saa 7 na nusu. Ninyi mnakaa karakana saa 10 na nusu. Toa nusu saa ya chakula, zinabaki saa 10. Mara siku sita, ni saa 60 kwa juma. Saa 15 kati ya hizo ni za ziada, na za ziada zina bei yake: saa 6 za kwanza za juma zinaongezewa asilimia 30, zinazofuata zinaongezewa asilimia 60, na saa za siku ya mapumziko ya juma au ya sikukuu zinalipwa mara mbili.

Tuziweke kwa faranga. 21,500 gawanya kwa 7.5 ni karibu 2,867 kwa saa. Saa 45 za kawaida zinaleta 129,000. Saa 6 zenye asilimia 30 zinaleta 22,360. Saa 9 zenye asilimia 60 zinaleta 41,280. Jumla ni faranga 192,640 kwa juma. Wewe unapokea suruali 48 mara 2,000, yaani 96,000, kabla ya makato ya sindano. Ni nusu ya sakafu, Mama, pungufu kidogo. Na usije ukaambiwa kwamba miezi ya kabla ya Januari 2026 ilikuwa sawa kwa sababu 16,000 inazidi 14,500. Kwa kiwango kile, juma la saa 60 lilitakiwa kulipwa faranga 129,920. Patron analinganisha siku yako ya saa 10 na siku ya serikali ya saa 7 na nusu.

Kuna kitu kingine ndani ya bei ile, na mafundi wengi hawakioni. Suruali nane kwa saa 10 ni dakika 75 kwa suruali moja. Kwa mwendo huo, saa 7 na nusu zinatosha suruali 6, na bei halali ya kipande ni 21,500 gawanya kwa 6, yaani karibu faranga 3,580. Lakini dakika hizo 75 si za kushona zote. Ndani yake kuna muda wa umeme kukatika, kungoja mkataji amalize fungu, kutafuta uzi wa rangi. Tuseme muda huo unakula saa moja na nusu kwa siku. Basi kushona kwenyewe ni dakika 64 hivi. Umeme ukiwepo ungemaliza suruali 7 katika saa 7 na nusu, na bei halali ingekuwa karibu 3,070. Tofauti ya faranga 500 kwa kila suruali ni gharama ya giza na ya kungoja. Leo gharama hiyo unaibeba wewe peke yako, kwa kukaa hadi jioni ili ufikishe nane. Kisheria, saa ulizo mahali pa kazi chini ya amri ya mwajiri ni saa za kazi, mashini izunguke au isizunguke. Kwa hiyo gharama ni ya patron. Mkikaa naye mezani, semeni hili waziwazi, kwa sababu lina faida kwake pia: akipanga jenereta vizuri, au akimfanya mkataji atangulie siku moja mbele, bei anayopaswa kulipa kwa kipande inashuka bila yeyote kupunjwa. Na akigawa kazi, mmoja mifuko, mwingine zipu, mwingine kiuno, dakika za suruali moja zinapungua tena. Karakana nyingi hubakia kwenye mtindo wa fundi mmoja suruali nzima kwa mazoea tu.

Usidanganyike pia na pesa ya gari kuhesabiwa kama sehemu ya SMIG. Katika Kanuni ya Kazi, matibabu, nyumba au fidia ya nyumba, pesa ya usafiri na posho za watoto za kisheria haziingii katika hesabu ya mshahara. Zinakuja juu yake. Mwajiri anawajibika hata kwa matibabu yako na ya watoto unaowalea, jambo ambalo vibarua wengi hawajalisikia kamwe.

Makato ya sindano yanahitaji maelezo ya ufundi, maana kapita anadhani sindano huvunjika kwa uzembe. Drili ya nguo za migodi ni nzito, na pale mishono ya miguu inapokutana katikati, sindano inapita tabaka baada ya tabaka. Hapo panahitaji sindano namba 100 au 110. Ukipewa namba 90 kwa kuwa ndiyo iliyopo, itapinda na kuvunjika. Itavunjika pia ikiwa imechoka, au ikiwa ndoano inayoshika uzi chini imetoka kwenye wakati wake, kosa la matengenezo ambalo fundi mshonaji halirekebishi. Mazoea mazuri ya viwanda ni kubadilisha sindano baada ya kama saa 8 za kushona. Kwa siku yenu ndefu, sindano moja kwa kila mashini kila siku ni matumizi ya kawaida, kama uzi. Sheria inasema mfanyakazi arudishe vifaa alivyokabidhiwa katika hali nzuri, lakini hawajibiki kwa kuchakaa kunakotokana na matumizi ya kawaida, wala kwa hasara ya bahati mbaya. Makato yanayoruhusiwa yanajulikana: kodi, mchango wa CNSS (mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii), pesa uliyotangulizwa, na machache mengine yaliyotajwa na sheria. Faini ya 500 iliyobuniwa na kapita haimo. Kuhusu suruali iliyoharibika, uliza kwanza kosa ni la nani. Kipande kilichokatwa kipimo kibaya, au mguu mmoja uliotoka kwenye robota la rangi tofauti, si kosa la mshonaji. Mshono uliopinda hufumuliwa na kushonwa upya, na hilo limekwisha kukugharimu muda wako. Ukikabidhiwa fungu lenye vipande visivyolingana, mwambie kapita kabla ya kushona na uandike saa uliyomwambia.

Sasa neno "kibarua." Wengi wanaamini kwamba bila karatasi hakuna mkataba. Sheria inasema kinyume: mkataba unatakiwa uandikwe, na usipoandikwa, unahesabika kuwa wa muda usio na kikomo mpaka ithibitishwe vingine. Mwajiri ndiye anayeumizwa na kukosekana kwa karatasi. Tena kuna kanuni iliyotungwa kwa ajili ya watu kama wewe: mtu anayeajiriwa siku kwa siku, akishafanya siku 22 ndani ya miezi miwili, akiajiriwa tena kabla miezi hiyo miwili haijaisha, mkataba wake unageuka kuwa wa muda usio na kikomo. Wewe unafanya siku 26 kwa mwezi. Ulivuka mstari huo kabla ya mwezi wa kwanza kwisha. Kwa hiyo wewe si kibarua, hata ukiitwa hivyo kila asubuhi. Una haki ya likizo yenye malipo, angalau siku moja ya kazi kwa kila mwezi uliotimia. Ukiachishwa, una haki ya kupewa taarifa mapema: siku 14 za kazi, na siku 7 zaidi kwa kila mwaka uliotimia, yaani siku 21 kwa hali yako, au malipo ya siku hizo. Na lazima kuwe na sababu halali. Kuingia sendika, yaani chama cha wafanyakazi, si sababu halali. Kumshtaki mwajiri kwa kuvunja sheria si sababu halali. Mimba si sababu halali. Mahakama ikiona umefukuzwa bila sababu, inaweza kuamuru urudishwe au ulipwe fidia, ambayo kisheria inaweza kufika hadi mishahara ya miezi 36.

Mwenzenu mjamzito asingoje hata juma moja. Ana haki ya majuma 14 ya likizo ya uzazi, na theluthi mbili za mshahara wake, na mkataba wake hauvunjwi kwa sababu ya mimba. Aandike leo tarehe aliyoambiwa asirudi, nani alimwambia, mbele ya nani. Kisha aende kwa mkaguzi mwenyewe, ana kwa ana, akiwa na karatasi ya kliniki. Asikubali kuandika barua ya kuacha kazi "kwa hiari" ili alipwe deni la juma la mwisho. Deni hilo ni lake tayari, na lilitakiwa kulipwa ndani ya siku mbili za kazi tangu alipoachishwa.

Sasa hofu yako ya kufukuzwa, ambayo naona ndiyo iliyokufanya uniandikie. Sitaficha: sheria inakulinda, lakini ulinzi wake huja nyuma ya tukio. Patron mkali anaweza kukuzuia mlangoni kesho, na kesi ikachukua miezi, nawe unanunua unga kila siku. Ndiyo maana mpangilio wa hatua una uzito kuliko ujasiri.

Anza na daftari, kimyakimya, kwa majuma mawili. Kila siku andika saa ya kuingia na ya kutoka, idadi ya suruali, muda umeme ulipokatika na uliporudi, makato na sababu yake, pesa uliyopokea Jumamosi. Andika siku hiyohiyo, kwa kalamu, bila kuacha kurasa tupu katikati, kwa sababu daftari lililoandikwa lote kwa usiku mmoja linaonekana. Piga picha karatasi za mafungu zenye jina lako na, ikiwezekana, ukurasa wa malipo wa kapita. Watu wawili au watatu wafanye hivyohivyo kila mmoja kwa daftari lake. Madaftari yanayokubaliana ni ushahidi wenye nguvu kuliko maneno ya watu kumi. Mwombe pia patron karatasi ya malipo. Ni wajibu wake kuitoa kila anapolipa, na akikataa, kukataa huko nako kuandikwe.

Kisha mzungumze naye kama kundi, si wewe peke yako. Leteni ombi la mlango, bei ya kipande yenye hesabu yake, na mwisho wa makato ya sindano. Karakana ya watu thelathini inaweza kuwa na wajumbe wa wafanyakazi waliochaguliwa, na sendika kubwa kama UNTC, CSC au CDT zinajua namna ya kuandaa uchaguzi huo. Mkijiunga na mojawapo, barua inatoka kwa sendika, na jina lako halisimami peke yake. Kuna mapatano ambayo mnaweza kuyakubali bila aibu: bei ipande hadi 3,600 mara moja, na deni la nyuma lilipwe kwa mafungu ya miezi michache, kwa maandishi. Karakana inayofungwa haimlipi mtu, na patron anayeshindana na nguo za mitumba na za kutoka ng'ambo anaweza kuwa na shida ya kweli ya fedha. Lakini shida yake izungumzwe kwa vitabu vya hesabu vilivyofunguliwa mezani. Msisaini kushuka chini ya SMIG; makubaliano ya namna hiyo hayana nguvu kisheria.

Akikataa, kuna njia mbili za kumfikia mkaguzi wa kazi (Inspection du Travail), na watu huzichanganya. Ya kwanza ni kutoa taarifa juu ya mahali: mlango una kufuli, saa ni 60 kwa juma, malipo ni chini ya SMIG. Mkaguzi anaweza kuingia karakana bila kuomba ruhusa wala kutangaza siku, na anatakiwa kuficha kabisa jina la aliyemwambia. Mkataba namba 81 wa Shirika la Kazi Duniani, ambao Kongo imeuridhia, unamfunga kwa hilo. Taarifa ya namna hii inaweza kupelekwa na sendika, au hata na mtu asiyefanya kazi hapo. Kwa kufuli, tumieni njia hii. Njia ya pili ni dai lako la pesa. Hapa jina lako litajulikana, maana mkaguzi atamwita patron nawe mkutane mbele yake kwa upatanisho. Mkipatana, anaandika hati na mnaisaini. Msipopatana, anaandika hati ya kushindwa kupatana, na hiyo ndiyo inayokufungulia mlango wa Mahakama ya Kazi. Mahakama haipokei dai la mfanyakazi mmoja ambalo halijapitia kwa mkaguzi kwanza, kwa hiyo usimlipe mtu anayekuahidi kwenda mahakamani moja kwa moja.

Angalia muda. Dai la mshahara hufa mwaka mmoja tangu siku mshahara ulipotakiwa kulipwa. Kila juma linalopita, juma moja la zamani zaidi linatoka mikononi mwako. Kwa miezi kumi na minne uliyofanya, miezi miwili ya mwanzo huenda imeshatoka. Kinachosimamisha kuhesabiwa kwa muda huo ni dai lililopelekwa kwa mkaguzi, au barua iliyosajiliwa kwa patron yenye uthibitisho wa kupokelewa. Kumkumbusha patron kwa mdomo kila Jumamosi hakusimamishi kitu. Hii ndiyo sababu naona msingoje zaidi ya mwezi mmoja wa mazungumzo. Na akiwapa karatasi ya kusaini kwamba mmelipwa yote, *pour solde de tout compte*, jueni kwamba maneno hayo hayamzuii mfanyakazi kudai kilichobaki. Lakini ni afadhali kuandika kwa mkono kiasi ulichopokea na tarehe, juu ya saini yako.

Kosa moja ambalo hupoteza kesi nzuri ni hasira. Mkiacha kwenda kazini bila barua wala taarifa, patron atasema mmetoroka kazi, na sababu halali mtakuwa mmempa wenyewe. Nendeni kila siku, kwa saa ileile, hadi muwe na karatasi mkononi. Ukizuiwa mlangoni, simama hapo na shahidi, andika saa, na siku hiyohiyo nenda kwa mkaguzi.

Pitia pia ofisi ya CNSS uulize kama jina lako limeandikishwa. Mchango wote ni asilimia 18 ya mshahara: 5 zinatoka kwako kwa ajili ya pensheni, 13 kwa mwajiri, na ndani ya hizo 13 kuna asilimia 1.5 ya ajali na magonjwa ya kazini anayolipa yeye peke yake. Sindano ikipita kidoleni na kipande chake kikabaki ndani, hiyo ni ajali ya kazi, si bahati mbaya yako. Nenda hospitali wapige picha, usiruhusu kapita akitoe kwa koleo, na hakikisha ajali imeandikwa. Kama jina lako halimo CNSS, mwambie mkaguzi hilo nalo katika dai lilelile.

Siku ya kwenda, beba kitambulisho chako, daftari, picha za karatasi za mafungu zilizochapwa, majina ya wenzako wawili waliokubali kusema, na barua ya ukurasa mmoja yenye tarehe uliyoanza kazi, saa zako, bei ya kipande na jumla unayodai. Andika nakala mbili. Moja waachie, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo nyumbani. Kupeleka dai kwa mkaguzi hakulipiwi. Ukiombwa pesa, omba risiti.